Barua ya Mzazi Ni Darasa
Ndugu askari na polisi, Nyanza-Lac ilipokea wakimbizi wengi waliorejea kutoka Tanzania, hasa tangu mwaka 2008. Watoto wao walikuwa wamezoea Kiswahili. Darasani wakakuta Kirundi na Kifaransa. Baadhi walirudishwa madarasa ya chini, ingawa kusoma walikujua.

Tusilisahau funzo hilo. Mwanafunzi wa darasa la saba hadi la tisa aliyezoea kusoma lugha moja nyumbani hujifunza ya pili kwa wepesi zaidi. Basi mzazi aliye lindoni mbali asimwachie mwalimu mzigo wote. Amwandikie mwanawe barua kila juma, adai jibu, alisahihishe bila ukali. Waliobaki nyumbani wasomewe barua hizo kwa sauti. Hakuna aliyejua shabaha kwa siku moja. Kalamu nayo yataka mazoezi.