Je, mchagua jembe si mkulima?



Wiki hii nataka tuzungumze habari ya fimbo mbili za kuchezea gofu. Najua wengi mtacheka. Mama aliyeketi jikoni akimenya ndizi atasema, "Huyu mwandishi wetu leo ameota nini?" Ngoja kwanza, mama. Haya si mambo ya matajiri peke yao. Arusha, Moshi, Morogoro na Dar es Salaam viko viwanja vya gofu, na kadhalika Kenya na Uganda. Vijana wanaochukua mifuko ya wachezaji, ambao huitwa makedi, wengi wao hutoka katika vijiji vya jirani. Ni watoto wetu. Hurudi jioni na fedha kidogo, tena hurudi na hamu. Na hamu ya kijana ikikutana na fedha kidogo, hapo pana shauri la nyumba nzima.

Jirani yangu mmoja ana kijana wa miaka 19 afanyaye kazi hiyo ya ukedi. Kwa mwaka mzima kijana huyu aliweka akiba yake ndani ya kopo. Jioni moja, baada ya chakula, akasema, "Baba, nataka kununua fimbo." Baba akadhani ni fimbo ya kuchungia mbuzi. Alipoelezwa, na kutajiwa bei, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, paa la jiko linavuja, dada yako hana sare ya shule, nawe wataka fimbo?"

Kijana akajibu kwa adabu, "Baba, fedha za sare nimekwisha mpa mama. Hizi ndizo zilizobaki. Mwezi ujao tuna mashindano ya makedi, na zile fimbo ninazoazima hazinifikishi mbali."

Baba alilegea kidogo. Lakini ikatokea shida ya pili: kijana mwenyewe hakujua anunue fimbo gani. Moyo wake ulitaka aina moja, kwa kuwa bwana anayemchukulia mfuko anayo. Mwenzake alimwambia anunue aina nyingine. Siku tatu nzima hakusema neno lingine ila hilo. Siku ya nne baba alichoka, akamwambia, "Mchagua jembe si mkulima!" Ndipo walipokuja wote wawili barazani kwangu, kila mmoja akitaka nimwambie mwenzake kwamba amekosa.

Basi nisikilizeni nami niwaeleze kama nilivyowaeleza wao.

Katika gofu mchezaji hupiga mpira mdogo mgumu mpaka uingie katika shimo lenye upana wa milimita 108. Anayepiga mara chache ndiye mshindi. Uwanja kamili una mashimo 18, na shimo moja laweza kuwa mbali na mahali pa kuanzia kwa mita mia nne au mia tano. Kwa hiyo hutumia fimbo mbalimbali: nyingine za kupeleka mpira mbali, nyingine za kuuinua juu, nyingine za kuusukuma taratibu karibu na shimo. Sheria yamruhusu kuchukua fimbo 14, asizidishe. Kijana wetu alikuwa na fedha za kununua moja tu.

Fimbo ya kwanza huitwa feawei wudi, maana yake ni fimbo ya mbao ya kupigia uwandani, penye majani mafupi. Zamani kichwa chake kilichongwa kwa mti mgumu wa Marekani uitwao persimmon. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ilianza kuuza fimbo za namna hii zenye kichwa cha chuma cha pua, na siku hizi karibu zote ni za madini, ila jina limebaki. Msishangae. Hata sisi twasema kalamu ya risasi, wala haina risasi ndani yake. Kichwa cha fimbo hii ni kipana, uzito wake umewekwa nyuma na chini, na mpini wake ni mrefu: ile namba 5 hufika karibu inchi 42.

Fimbo ya pili huitwa haibridi, yaani chotara. Ninyi mnaopanda mahindi chotara mwaelewa upesi: ni mbegu mbili zilizochanganywa ili kupata wema wa zote mbili. Fimbo hii imechanganya fimbo ya mbao na fimbo ya chuma. Ilienea sana tangu miaka ya 2000, ikachukua nafasi ya zile fimbo ndefu za chuma, namba 2, 3 na 4, ambazo zilikuwa zikiwatesa watu wengi kwa ugumu wa kuuinua mpira. Kichwa chake ni kidogo kuliko kile cha fimbo ya mbao, na mpini ni mfupi kwa inchi mbili hivi.

Sasa tofauti yao i wapi? Nilimwambia jirani yangu: chukua fyekeo, kisha chukua jembe. Fyekeo hupita sambamba na ardhi, likafagia majani. Jembe hutoka juu likashuka. Fimbo ya mbao yataka mkono wa fyekeo. Mpini ukiwa mrefu, kichwa huzunguka kwa mwendo wa upana, nacho hupaswa kuufagia mpira bila kuchimba udongo. Ukiipata vema, mpira huruka juu na kwenda mbali kuliko wa chotara yenye mwinamo sawa wa uso. Chotara yataka mkono wa jembe. Hushuka juu ya mpira, na kwa sababu kichwa chake ni chembamba, hupenya katika majani marefu ambamo kile kichwa kipana hunaswa. Mpira wake huenda chini kidogo, wala haufiki mbali vile. Na wengine, hasa wenye nguvu, huona kwamba chotara huwavutia mpira upande wa kushoto.

Kijana akauliza, "Lakini, mzee, iliyo bora ni ipi?"

Nikamjibu kwa habari za watu wawili.

Mwaka 1935, huko Augusta katika Marekani, alikuwapo mchezaji aitwaye Gene Sarazen. Baba yake alikuwa seremala aliyetoka Italia, na yeye mwenyewe alianza kwa kuchukua mifuko ya watu alipokuwa mtoto, kama makedi wetu. Siku ya mwisho ya mashindano alikuwa nyuma ya Craig Wood kwa mapigo matatu. Katika shimo la 15 mpira wake ulilala chini, umegandamana na ardhi, na mbele yake pana maji. Shimo lilikuwa mbali yadi 235 hivi, yaani mita 215. Alisitasita kati ya fimbo ya mbao namba 3 na namba 4. Ile ya 3 ingefika mbali zaidi, lakini ya 4 ingeuinua mpira kwa urahisi kutoka mahali pale pabaya. Akachagua namba 4. Mpira uliruka maji, ukabingirika, ukaingia shimoni. Kwa pigo hilo moja alimfikia mwenzake, na kesho yake walipocheza tena akamshinda.

Mtu wa pili ni Y.E. Yang wa Korea ya Kusini, mtoto wa mkulima wa kisiwa cha Jeju. Hakushika fimbo ya gofu mpaka alipokuwa na miaka 19, umri wa kijana wetu. Mwaka 2009, katika uwanja wa Hazeltine huko Marekani, alikuwa akishindana na Tiger Woods. Mara 14 Woods alikuwa ameingia siku ya mwisho ya mashindano makuu akiwa mbele au sawa na aliye mbele, na mara zote 14 akashinda. Kwenye shimo la mwisho Yang alikuwa mbele kwa pigo moja tu. Palikuwa na mti katika njia yake, na mwendo wa yadi 200 na zaidi kidogo. Akachukua chotara. Mpira ulipita mti, ukasimama hatua chache kutoka shimoni. Akashinda kwa mapigo matatu, akawa mwanamume wa kwanza wa Asia kushinda mojawapo ya mashindano makuu ya gofu.

Mmoja fimbo ya mbao, mwingine chotara. Waona basi kwamba fimbo haina ubora wa peke yake. Ubora hutoka mahali mpira ulipolala, na katika mkono wa mwenye kupiga.

Nikamwambia kijana ajiulize mambo matatu. La kwanza: mpira wako hulala wapi mara nyingi, penye majani mafupi au vichakani? La pili: mkono wako ni wa fyekeo au wa jembe? La tatu: fimbo ulizo nazo hufika wapi? Fimbo ni kama mawe ya kuvukia mto. Ukiweka mawili pamoja na kuacha pengo kubwa mbele yake, utaanguka majini. Nunua lile jiwe lisilokuwapo.

Hakuna aliyeweza kujibu maswali hayo barazani. Kwa hiyo siku makedi wanaporuhusiwa kucheza, kijana aliazima fimbo zote mbili, na baba yake, ambaye hajapata kukanyaga uwanja ule, alifuatana naye. Walihesabu mipira 20. Kumi ya fimbo ya mbao, mitano majanini pafupi na mitano parefu. Kumi ya chotara, vivyo hivyo.

Ile ya mbao ilitoa mipira miwili iliyoruka ajabu, hata wenzake wakapiga kelele. Minane iliyobaki ilitambaa chini, au ilinaswa palepale. Chotara haikutoa ajabu yoyote, ila mipira saba ilifika karibu na mahali alipoielekeza. Kijana alikuwa bado akiitazama fimbo ya mbao kwa mapenzi. Baba akamwambia, "Mwanangu, mimi huhesabu magunia yaliyofika ghalani. Yaliyopendeza shambani siyahesabu." Tena akaongeza, "Mkono wako umelelewa na jembe. Umeona unavyopiga?"

Wakanunua chotara iliyokwisha tumika. Na hapa, vijana, angalieni sana. Fimbo ya mitumba itikise usikie kama kichwa kimelegea. Pitisha kidole mpinini utafute ufa. Shika mshikio uone kama umekauka. Jihadhari na za bandia zenye jina kubwa na bei ndogo. Mpe mtu mwenye ujuzi aikague kabla hujatoa fedha. Ukiisha nunua, usifanye mazoezi karibu na nyumba. Mpira wa gofu ni mgumu kama jiwe, na mtoto akipigwa nao kichwani aweza kufa.

Mashindano hayajafika. Sijui kijana atakuwa wa kwanza au wa mwisho. Lakini baba yake sasa anajua mwanawe hushinda wapi mchana kutwa, na mwana anajua kwamba baba hakumkataza kwa chuki. Jambo hilo lilipatikana kabla ya kombe lolote.

Pengine wewe, msomaji, huna kedi nyumbani. Lakini unaye anayetaka cherehani, au baiskeli, au simu, naye ana fedha za kitu kimoja tu. Usimcheke, wala usimfungulie mkono ovyo. Fuatana naye, mjaribu kabla ya kununua, mhesabu pamoja.

Na ile methali je? Mimi naona wazee wetu hawakukosea. Hakuna mkulima asiyejua kwamba jembe la tifutifu halifai penye mawe. Waliyemkemea ni yule anayechagua mpaka mvua inapita. Basi chagua mara moja, kwa hesabu, kisha inama ulime.

Haya, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.