Ofisi za Kibarani Zinahitaji Seva ya Faksi

Katika ukanda wa Shimanzi, Kibarani na Changamwe mjini Mombasa, ambako malori hupishana usiku na mchana yakiingia na kutoka bandari ya Kilindini, kazi ya wakala wa forodha, yaani anayemtolea mwenye mzigo mali yake bandarini, hutegemea karatasi kufika kabla ya siku za bure za kuhifadhi mzigo kwisha. Nyaraka nyingi za serikali sasa hupitia mfumo wa dirisha moja wa kielektroniki unaosimamiwa na shirika la serikali la KenTrade, na ndiyo sababu wapo wanaodai kwamba faksi imekwisha kazi. Wanaodai hivyo husahau kwamba ofisi ya Mombasa haimchagulii mshirika wake wa ng'ambo chombo cha kuandikia. Magari mengi ya mitumba yanayoshushwa Kilindini hutoka Japani, nchi ambayo serikali yake, ilipotaka mwaka 2021 kuondoa faksi wizarani, ilipata mamia ya pingamizi kutoka kwa idara zake zenyewe na kulazimika kulegeza mpango huo. Maadamu muuzaji, benki au kampuni ya bima bado hutuma kwa njia hiyo, wakala hana budi kupokea, na apokee vizuri.

Upokeaji wa sasa, kwa ofisi yenye shughuli nyingi, si mzuri hata kidogo. Mashine moja huwekwa kwenye kona, ankara yenye bei ya mteja na nakala ya pasipoti yake hulala kwenye trei mbele ya kila apitaye, na wino ukiisha ukurasa wa tatu hupotea bila mtu kujua kwamba ulikuwapo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipitishwe nchini Kenya, kuziacha taarifa za mteja wazi namna hiyo ni uzembe ambao ofisi inaweza kuulizwa mbele ya sheria.

Seva ya faksi ni kompyuta iliyounganishwa upande mmoja na laini za simu kwa modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data, na upande mwingine na mtandao wa ndani wa ofisi. Karani hutuma waraka kutoka mezani pake, seva huuweka kwenye foleni, hupiga nambari, na ikiikuta inatumika hurudia baadaye bila mtu kusimama kuisubiri. Faksi inayoingia huhifadhiwa kama picha na kupelekwa kwenye barua pepe ya mhusika peke yake. Programu ya kazi hiyo haihitaji fedha nyingi: HylaFAX, iliyoanzishwa na Sam Leffler alipokuwa katika kampuni ya Silicon Graphics, hupatikana bure na huendeshwa kwenye mfumo endeshi wa Linux, hata kwa kompyuta ambayo ofisi ilikwisha kuiona kuukuu.

Ugumu uko kwenye laini. Laini moja hubeba faksi moja kwa wakati mmoja, hivyo ikiwa kila ukurasa utachukua dakika moja, kurasa 60 zitaishika laini hiyo saa nzima, na mteja anayepiga wakati huo ataambulia mlio wa laini inayotumika. Kabla ya kununua chochote, basi, inafaa kurasa za saa yenye shughuli nyingi zihesabiwe. Jambo la pili huwaponza wengi zaidi. Ofisi zilizoachana na simu za mezani, baada ya miaka ya wizi wa nyaya za shaba, hudhani kwamba laini ya mkononi itafaa, ilhali mitandao hiyo hubana sauti ili kuokoa nafasi, na sauti ya faksi ikibanwa hivyo nukta za ukurasa haziwezi kusomeka upande wa pili. Simu ya intaneti nayo ina hatari hiyohiyo, isipokuwa mtoa huduma akubali kupitisha sauti bila kuibana au atumie T.38, kanuni iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwaka 1998 mahsusi kwa kusafirisha faksi ndani ya intaneti. Mtoa huduma aulizwe hilo kabla ya mkataba kutiwa saini, na majaribio yafanywe kwa nambari za ng'ambo zinazotumiwa kweli. Betri ya akiba na kinga ya radi ni za lazima. Hewa ya chumvi ya pwani hula viungo vya nyaya, hivyo vikaguliwe.

Hata hivyo, thamani kubwa ya seva hii, kwa maoni ya safu hii, iko kwenye daftari lake. Kila faksi huandikwa saa, nambari, idadi ya kurasa na matokeo, na kampuni ya meli inapodai tozo za kuchelewa kurudisha kontena, au mteja anaposema hakuarifiwa, kumbukumbu hiyo ndiyo inayohitajika. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, huzikubali rekodi za kielektroniki kortini zikiambatana na cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa na chombo kilichotumika. Cheti hicho hudhoofika pale karani yeyote anapoweza kufuta rekodi anavyotaka. Kwa hiyo ruhusa ya kufuta ishikwe na mtu asiyetuma wala kupokea, nakala ya daftari itolewe kila jioni na kuhifadhiwa nje ya jengo, na saa ya seva irekebishwe kwa intaneti.