Treni gani ni bora? Kambove inapima kwa safari ya kurudi

Pale watu wanapongojea gari la kwenda Likasi, karibu na soko la Kambove, bishano lilianza kwa jambo dogo. Kijana mmoja alisema treni zote za Kongo ni sawa kwa sababu zote zinachelewa. Mama mmoja wa biashara ya samaki akamuuliza amepanda ipi. Kijana hakuwa amepanda hata moja. Basi kila mtu akaanza kutaja safari zake: huyu ya Kamina, yule ya Kalemie, mzee mmoja ya Kananga. Gari lilipokuja, walipanda wakiendelea kubishana.

Bishano kama hilo linafaa kuchukuliwa kwa uzito. Kwingine watu hupanga treni kwa mwendo na kwa viti. Wakenya wanasifu treni yao ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza mwaka 2017. Watanzania wanasifu treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024. Wana haki ya kujivuna. Lakini Kambove na Likasi zimejaa watu waliokuja na treni bila kupenda, na wengine walioondolewa na treni bila kupenda. Kwao kipimo ni kingine: je, njia hii inampeleka mtu na kumrudisha, yeye na mizigo yake, kwa pesa ambayo mama wa soko anaweza kuipata?

Kwa kipimo hicho, njia za reli za upande huu zinapangika hivi, kuanzia ya mwisho.

Ya tano: Sakania – Lubumbashi – Likasi

Hii ndiyo mama wa njia zote za Katanga. Reli ilitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ikafika Lubumbashi mwaka 1910, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1913 ikafika Kambove, kwa sababu ya shaba. Miji mingi mikubwa ya nchi hii ilingoja reli miaka mingi baada ya Kambove kuipata.

Heshima yake iko, lakini kwa msafiri wa leo basi limeishinda. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi za lami. Anayeondoka asubuhi anafika, anafanya kazi yake, anarudi kulala nyumbani. Hakuna atakayengoja treni kwa safari hiyo. Kwa hiyo ni ya tano, na haina sababu ya kuona haya.

Ya nne: Tenke – Kolwezi – Dilolo

Njia hii ilikamilika mwaka 1931, ikaungana na reli ya Benguela ya Angola hadi bandari ya Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Vita vya Angola vilivyoanza mwaka 1975 viliufunga mlango huo kwa miaka mingi. Baadaye reli ilijengwa upya upande wa Angola hadi Luau, mpakani, ng'ambo ya Dilolo. Siku hizi wakubwa wanaiita Korido ya Lobito. Mwaka 2022 Angola ilitoa kibali cha miaka 30 kwa kampuni za nje kuiendesha kwa upande wake, na Marekani nayo imeingia na mkopo.

Kila mkutano juu ya korido hiyo unazungumzia shaba na kobalti. Msafiri hutajwa mwishoni, kama anatajwa. Lakini Walunda na Wachokwe wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ukoo mmoja una makaburi Angola na mashamba Lualaba. Treni ya abiria ya uhakika, hata moja kwa juma, ingeipandisha njia hii hadi nafasi ya pili bila ubishi. Kwa sasa ni njia ya madini, na madini hayana haja ya kurudi.

Ya tatu: Kamina – Kabalo – Kongolo – Kindu

Kipande cha Kamina hadi Kabalo kilifunguliwa mwaka 1956. Kabla ya hapo reli ya Katanga na reli ya Maniema zilikuwa kama ndugu wawili wasioonana. Huko Kongolo treni inavuka mto Lualaba juu ya daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1939. Ukifika Kindu, unaweza kushuka mto kwa mashua hadi Ubundu, halafu ukachukua reli tena hadi Kisangani. Ni safari ya watu wenye moyo.

Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, njia hii ilikatika. Familia zilikaa miaka bila kujua kama watu wao wa ng'ambo walikuwa hai. Treni iliporudi, ilileta mafuta ya mawese, mchele, na pia habari za misiba ya zamani. Waliowahi kuipanda wanakubaliana juu ya ubaya wake: safari iliyopangwa kwa siku chache inaweza kula wiki nzima au zaidi. Chakula ulichobeba kinakwisha, mtoto anashikwa na homa katikati ya pori, na bidhaa iliyotegemewa kulipa deni inaharibika. Mahali ambapo barabara haipitiki, watu wanaivumilia. Lakini kuvumilia si sawa na kupenda, ndiyo maana inabaki ya tatu.

Ya pili: Kabalo – Kalemie

Ni fupi, kilomita 273 tu, na ilifika ziwa Tanganyika mwaka 1915, Kalemie ilipokuwa ikiitwa Albertville. Upande wa pili wa ziwa, reli ya Tanzania ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwaka 1914. Maana yake ni kwamba mtu wa Likasi, kwa reli na maji peke yake, anaweza kufika Dar es Salaam. Wazee waliofanya biashara ya kitenge wanaijua safari hiyo vizuri.

Lakini nafasi ya pili inatokana na jambo lingine. Miaka ya 2016 na 2017, ugomvi kati ya Watwa na Waluba katika jimbo la Tanganyika ulichoma vijiji vingi, na watu wengi wakakimbia kukaa katika kambi pembeni ya Kalemie. Anayekimbia vita anakimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Anayerudi ana mahitaji mengine kabisa: mabati, jembe, gunia la mbegu, mlango wa nyumba, mbuzi wawili wa kuanzia. Mizigo hiyo haipandi pikipiki. Inapanda vagoni. Reli inayopita karibu na vijiji vilivyoungua ni sehemu ya amani, hata kama hakuna aliyeiandika katika mapatano.

Ya kwanza: Likasi – Kamina – Mwene-Ditu – Kananga – Ilebo

Wengi watashangaa kuiona hii juu, kwa sababu ndiyo iliyoumiza zaidi. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Ilebo, wakati ule Port-Francqui, kwenye mto Kasai. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi. Kati ya Likasi na Tenke, upande huu wetu wa Kambove, ndipo umeme wa reli ulipoanza, mwaka 1952. Hadi leo waya zinafika Kamina. Mbele yake ni lokomotivi za mafuta.

Wanaoipenda wanaipenda kwa vituo vyake. Bukama kuna samaki wa mabwawa ya Upemba, wabichi na wa moshi. Kamina watu wanashuka kunyoosha miguu, wananunua bukari na sombe, wanatafuta habari za treni kama hata dereva mwenyewe hajui. Mwene-Ditu kuna mahindi. Kwenye vagoni moja unasikia Kiswahili, Kiluba na Kilingala, na kabla ya kufika Kamina abiria wanajua nani anakwenda harusini na nani anakwenda msibani.

Njia hii pia ndiyo iliyoujenga mji wa Likasi na machimbo ya Kambove kwa watu. Union Minière ilituma watafuta kazi Lomami na Kasai, na reli ikaleta wanaume, kisha wake zao, kisha watoto wakazaliwa hapa. Hawakuvamia. Waliitwa, wakapewa namba ya kazi na nyumba ya kampuni.

Halafu ikaja miaka ya 1992 na 1993. Maneno ya siasa yaliwageuza majirani kuwa wageni. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Likasi na Kolwezi, walifukuzwa nyumbani, wakajaa kwenye gare. Maelfu walilala hapo, kwenye sakafu, chini ya turubai, wakingoja treni ambayo haikuja kwa majuma na hata miezi. Kipindupindu na surua viliwakuta hapo. Wengine walikufa kabla ya kuondoka, wengine njiani, ndani ya mavagoni yaliyojaa kupita kiasi. Na wale waliofika Mwene-Ditu au Kananga walishuka katika nchi ya babu zao ambayo hawakuwahi kuiona.

Wako watu wazima wa Likasi na Kambove wanaoikumbuka gare ile kama watoto walioangalia rafiki wa shule akiondoka. Na wako waliorudi. Kurudi kwao ndiko kunakoipa njia hii nafasi ya kwanza. Walirudi kwa treni ile ile, juu ya reli zile zile, wakagonga mlango wa jirani yule yule. Kuna milango iliyofunguliwa, na kuna mingine iliyobaki imefungwa. Tena mwaka 2017, vita vya Kamuina Nsapu vilipoichoma Kasai, reli hiyo hiyo ikawa kimbilio la watu waliotafuta usalama upande huu. Njia iliyotumika kufukuza ikatumika kuokoa.

Ndiyo maana manung'uniko yanayosikika siku hizi kila treni ya Kasai inapoteremsha watu yanatia hofu. Kuuliza serikali watu hawa watalala wapi na watafanya kazi gani ni swali la haki, na wakaaji wana ruhusa kuliuliza kwa sauti. Lakini kumwambia abiria mwenye tiketi kwamba hana haki ya kushuka ni jambo lingine. Maneno kama hayo yalisemwa mwaka 1992, na wakati ule pia yalianza kama mazungumzo ya kawaida.

Reli isiyohesabu watu

Sifa hii haiwezi kuficha vifo. Agosti 2007, treni ilianguka karibu na Benaleka, Kasai, na watu wapatao 100 walikufa. Aprili 2014, ajali ya Katongola, si mbali na Kamina, iliua makumi. Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena ikielekea Tenke ilianguka huko Buyofwe, jimbo la Lualaba, na hesabu ya waliokufa ilipanda hadi 75. Treni ya Buyofwe haikuwa ya abiria. Waliokuwa ndani walipanda kwa siri, kwa sababu hakukuwa na treni nyingine ya kuwapeleka.

Ni rahisi kuwalaumu waliopanda. Lakini mama mwenye magunia mawili ya mahindi na ahadi ya kulipa deni Jumamosi hana treni ya kuchagua. Kama treni ya abiria haina siku inayojulikana, treni ya mizigo itageuka kuwa ya abiria usiku. Askari wa kuwashusha hatatosha. Dawa ni vagoni mbili tatu za abiria, zenye breki nzima na bei halali, zikifungwa kwenye ratiba ambayo watu wanaweza kuiamini.

Njia isiyo na reli

Kuna familia ambazo hazikuwa na la kusema kwenye bishano lile la soko. Ni zile zilizotoka Mitwaba, Pweto na Manono, ile sehemu iliyoitwa pembetatu ya kifo. Kwao hakuna gare. Walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, wakisukuma wagonjwa. Kuwauliza treni wanayoipenda ni kama kumuuliza asiye na shamba anapenda kulima nini. Lakini kipimo cha kwenda na kurudi ni chao pia. Barabara ya Mitwaba ikipitika mvua na kiangazi, hiyo ndiyo treni yao.

Kinachoweza kuombwa leo hakihitaji korido wala mkopo wa Marekani. Siku ya treni kutangazwa redioni, na ikichelewa itangazwe pia. Maji safi, vyoo na paa kwenye gare ya Likasi, ili anayengoja siku mbili asingoje kama wale wa mwaka 1992. Nafuu ya nauli kwa mkimbizi anayerudi kwao na mabati yake. Na wabunge wa hapa, wakienda kujadili reli ya madini, waulize vagoni ya abiria iko wapi katika mpango huo.

Yule mama wa samaki atasafiri tena mwezi huu kwenda Bukama. Ameweka pesa ya tiketi mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwenye mafundo mawili tofauti ya kitenge chake.