Mtoto aliyevimba hajanona



Vikundi vingi vimetuuliza swali moja: sukari ni chakula cha mtoto au ni sumu? Wengine wanasema mtoto asiyeonja sukari hana nguvu. Wengine wamesikia redioni kwamba inaozesha meno na kuleta kisukari, basi wameiondoa hata ndani ya uji. Sisi tunaona swali lenyewe limekaa vibaya. Tuulize kwanza: mtoto anapopewa kitu cha sukari, kimechukua nafasi ya chakula gani?

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo sana. Akinywa chupa ya sukre na kula biskuti mbili saa nne asubuhi, sahani ya maharagi ya mchana ataisukuma. Ameshiba, lakini ameshiba nguvu tupu. Sukari haina kitu cha kujenga nyama ya mwili, haina madini ya damu, haina vitamini. Na biskuti ina ujanja wake: ni nyepesi na haiozi, inapanda pikipiki na kufika hata pale barabara imekatika. Tumeona mama akiuza mayai matatu sokoni, kisha njiani ananunulia mtoto biskuti kwa pesa ile ile. Hapo mtoto ameibiwa, na mwizi hana jina.

Ndiyo maana tunataka kuzungumza juu ya bwaki.

Bwaki inadanganya macho. Mtoto anavimba mashavu na miguu, jirani anasema, "Huyu amenona!" Kumbe ni maji. Mkandamize kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, uhesabu pole pole mpaka tatu. Ukiondoa kidole na shimo likibaki miguu yote miwili, usingoje soko la kesho. Angalia pia nywele kama zimekuwa nyekundu na kunyofoka, ngozi kama inabambuka, na mtoto kama hataki kucheka wala kula. Kuna familia ambazo zikiona hivyo zinamtafuta mlozi. Wakati wanamtafuta, mtoto anakufa. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mama RECO wa kijiji ana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu: utapiamlo mkali. Lakini mtoto aliyevimba miguu ni mgonjwa mkali hata kama utepe unaonyesha kijani.

Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliuona ugonjwa huu huko Accra, Ghana ya leo, na kuuandikia mwaka 1933. Wamama wa kule walikuwa na jina lake tayari katika Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake akizaliwa. Wamama walikuwa wamekwisha kuelewa: mtoto anatolewa titi kwa haraka, anapewa uji wa unga peke yake. Mwaka 1939, akiwa Singapore, daktari huyo huyo alitoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji", akishambulia biashara ya maziwa matamu ya kopo yaliyokuwa yanasifiwa kuwa chakula cha watoto wachanga. Sukari nyingi, faida kidogo. Miaka mingi imepita na kopo bado liko dukani.

Kwetu mambo yanafanana. Mama akipata mimba nyingine, bibi anasema maziwa yameharibika, achisha. Kwa heshima ya wabibi wetu, si kweli. Maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Titi peke yake mpaka miezi 6, kisha titi pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi.

Na chakula tunacho, pale vita imetuachia shamba. Masisi ina maharagi, viazi na maziwa. Tunajua maziwa mengi yanageuka fromaji ya kuuza Goma, na pesa hiyo inahitajika, lakini kikombe kimoja kibaki nyumbani kwa mdogo. Walikale ina mawese mekundu, ambayo yana vitamini A kuliko mafuta meupe ya dukani, ina karanga, sombe na samaki wa mto. Ugali wa muhogo unashibisha tu. Pembeni yake weka kitu cha kujenga mwili: maharagi yaliyopondwa, ndagala zilizosagwa, karanga, yai. Uji wa mahindi uchanganye na soja iliyokaangwa na kusagwa. Kijiko kidogo cha sukari ndani ya uji wa namna hiyo hakina ubaya. Sukre na chai ya sukari ndizo hazifai kabisa kwa aliye chini ya miaka 2.

Hata Plumpy'Nut ya kituo ina sukari ndani yake. Lakini humo sukari inatembea na karanga, maziwa, mafuta na vitamini. Ni dawa ya mtoto mmoja, haigawanywi kwa ndugu zake na haiuzwi sokoni.

Mahali pamoja sukari inaokoa maisha: kuhara. Ukikosa pakiti ya serum ya kituo, chukua litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimefutwa juu viwe sawa. Usizidishe chumvi. Mtoto mwenye bwaki anayehara usimtibu nyumbani: kituo kina maji yake maalum.

Hatuandiki haya kumlaumu mama aliyekimbia na watoto watano na sufuria moja. Yeye anapokea anachopewa. Kama yuko karibu na kikundi chenu, mwite siku ya kupima mikono, na watoto wake wapimwe pamoja na wenu.

Wiki ijayo tutasema juu ya minyoo.