Haya Haijamwokoa Mtu Majini



Ulimwenguni yapo mashindano ya kuogelea ya watu wazima, kuanzia miaka 25. Hata wazee wa miaka 80 hushindana na rika lao. Kwetu Mwanza, mtu wa miaka 40 huona haya kujifunza, ilhali ziwa li mlangoni. Makaburi ya Igoma yatukumbusha MV Bukoba, 1996. Ya Ukara, MV Nyerere, 2018. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Wengi walinaswa ndani. Lakini uhai ni amana ya Mungu, nasi twawajibika kuutunza. Petro, mvuvi mtu mzima, alijitupa majini kumwendea Bwana (Yn 21:7). Basi jifunzeni, mahali salama, pamoja na mwalimu.