Mama na foleni ya komunyo

Nilipata Komunyo ya Kwanza nikiwa darasa la nne. Nimevaa shati jeupe la kuazima, nimepanga foleni na wenzangu, nikageuka kumtafuta mama. Kakaa. Benchi lake zima limesimama linaelekea mbele, yeye kainama kama mtu anayetafuta kitu kwenye mkoba. Nilidhani anaumwa. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba yeye na baba hawakuwa na ndoa ya kanisani, na kwa taratibu za Kanisa Katoliki anayeishi hivyo hapokei Ekaristi.

Nimelikumbuka hili kwa sababu juzi kijiweni mshikaji mmoja, msomi mwenzangu, katoa ile hoja yetu: Mungu yuko moyoni, kanisa la nini? Jamani, hata mimi nimeitumia sana hoja hiyo pale chuoni, hasa asubuhi za Jumapili baada ya Jumamosi ndefu. Lakini nikimfikiria mama nakwama. Kama ni Mungu wa moyoni, mama alikuwa naye kutushinda sote. Rozari kila jioni, jumuiya hakosi, jirani akifiwa yeye ndiye wa kwanza kubeba sufuria. Mbona basi nilimwona akifuta machozi wenzake wakirudi kutoka mbele?

Mimi naona ni hivi: imani ya moyoni unaweza kuwa nayo peke yako, lakini sakramenti hujipi mwenyewe. Mkatoliki ana saba, Mluteri ana mbili, na hakuna hata mmoja wao anayejibatiza. Lazima mtu mwingine akumwagie maji, mtu mwingine akupe mkate. Mama hakukosa Mungu. Alikosa nafasi mezani na wenzake, na hiyo huwezi kujitengenezea chumbani kwako.

Sasa nani alimzuia? Wengi mtasema sheria za kanisa. Nilizisoma. Kanuni ya 1108 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka ndoa ifungwe mbele ya paroko, au padri ama shemasi aliyeruhusiwa, na mashahidi wawili. Ongeza mafundisho na kutangazwa kanisani, umemaliza. Tena hata sharti hilo la padri na mashahidi liliwekwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, Kanisa la Magharibi lilitambua ndoa ya wawili waliokubaliana tu. Mpaka leo linafundisha kwamba wanaopeana sakramenti hiyo ni bibi na bwana harusi wenyewe. Ukumbi haumo. Keki haimo, MC hayumo, hata shela haimo.

Baba alikuwa akisema "tukipata hela." Hela ikipatikana inakwenda kwenye ada zetu. Alichoogopa ni maneno ya ndugu: harusi gani hii haina ukumbi? Na hofu hiyo tunaikuza sisi. Mimi nimekuwa katibu wa kamati tatu za harusi, nimegawa kadi za mchango, nimedai ahadi za watu kwa simu kama mtu wa mikopo. Katika vikao vyote hivyo (vyote baa, msiniulize kwa nini) swali pekee kuhusu kanisa lilikuwa misa inaisha saa ngapi, tuwahi picha.

Kanisa nalo lisijifiche nyuma yetu. Kuna parokia ilimwambia baba amalize kwanza deni la zaka na mchango wa ujenzi, ndipo majina yatangazwe. Akarudi nyumbani kimya, likaisha hivyo kwa miaka. Kumbe kanuni ya 848 inakataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka, na inamtaka ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Baba hakuijua. Mimi, ninayewasomea wakubwa vifungu vya Katiba kila wiki, sikuijua pia. Nilipoiona niliinakili kwenye karatasi nikampa, akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Sijui kama aliwahi kuitoa. Ila safari hii alikwenda parokia tunakoishi sasa, na deni halikutajwa.

Walifunga ndoa mwaka jana, baada ya miaka 27. Misa ya asubuhi, siku ya kazi, mashahidi wawili, baba na koti lake lile lile. Baadaye chai, maandazi na supu nyumbani. Shangazi hajatusamehe mpaka leo.

Wakati wa komunyo mama alisimama akaenda mbele. Aliporudi alinitazama, maana mimi nilikuwa bado nimekaa. Sijaungama tangu chuo.