Afadhali Faili Likataliwe Kuliko Pesa Zifike kwa Mtu Mwingine

Kila mwisho wa mwezi tunapokea simu za aina mbili kutoka kwa wateja wanaolipa watu wengi kwa mpigo. Ya kwanza huwa ya hasira: "Mfumo wenu umekataa faili langu na vibarua wako hapa nje wananingoja!" Ya pili huwa ya upole, na huja siku mbili tatu baadaye: "Hapa inaonyesha wote wamelipwa, lakini kuna mama mmoja anasema hajaona kitu." Wengi wangedhani ya kwanza ndiyo mbaya. Sisi tunaona kinyume. Faili likikataliwa, pesa bado ziko kwa akaunti yako, na ulichopoteza ni nusu saa na jasho kidogo. Lakini mstari ukipita na nambari isiyo yake, yule mama ndiye anayebeba kosa ambalo hakulifanya, na pengine hajui hata aanzie wapi kuuliza.

Ndiyo maana tunasema muda mwingi wa kutayarisha orodha unatumika mahali pasipofaa. Watu wanahangaika na umbo la faili, jambo ambalo mashine inaweza kulikagua kwa sekunde chache. Swali ambalo mashine haiwezi kulijibu ni moja tu: nambari hii ni ya nani leo?

Hilo la umbo tulimalize haraka. Nambari ianze na 254 na iwe na tarakimu 12, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, bila kistari. Kiasi kiandikwe tarakimu tupu, bila "Ksh" wala koma. Mtu mmoja, mstari mmoja. Hifadhi kama CSV. Ukikosea hapo mfumo utakuambia, utarekebisha, maisha yataendelea.

Shida ni makosa yanayopita kimya kimya. Chukua nambari zinazoanza na 01. Zimekuwa sokoni tangu 2019, lakini bado kuna makarani wanaoziona na kudhani ni kosa la kuchapa, wanazibadilisha kuwa 07. Nambari inayotokea hapo ni halali kabisa. Ni ya mtu. Ila si yule unayetaka kumlipa. Wengine wanagawanya orodha kwa kuangalia tarakimu za mwanzo, hawa wa mtandao huu, wale wa mtandao ule. Tangu 2011 Mkenya anaruhusiwa kuhamia mtandao mwingine na nambari yake ile ile, kwa hivyo tarakimu za mwanzo hazikwambii kwa hakika mtu yuko wapi. Muulize mwenyewe.

Halafu kuna Excel. Hii tunaieleza karibu kila wiki na hatuchoki. Ukiandika nambari ya tarakimu 12 kwenye safu ambayo hujaiwekea umbo la maandishi, Excel inaiona kama hesabu kubwa na kuionyesha kwa ufupi, kitu kama 2.54712E+11. Ukihifadhi CSV ikiwa hivyo, kinachohifadhiwa ni hicho kifupi. Ukilifungua faili tena na kuiwekea safu umbo la nambari, unakuta tarakimu sita za mwisho zimekuwa sifuri. Watu wengi waliokuwa na nambari tofauti za 0712 sasa wana nambari moja! Nayo ina tarakimu 12, inaanza na 254, umbo lake halina kasoro. Dawa ni kuiwekea safu ya simu umbo la maandishi kabla ya kuandika chochote, si baada. Na ukishahifadhi CSV, usiifungue tena kwa Excel "kuangalia tu". Wengi wanaharibu orodha nzuri katika kule kuangalia.

Lakini kosa linalotutisha kuliko yote ni la kupanga majina kwa alfabeti. Mtu anachagua safu ya majina peke yake, anabonyeza kupanga, Excel inamuuliza kama anataka kuhusisha na safu zingine, anachagua kuendelea na safu hiyo peke yake bila kusoma vizuri. Majina yanahama, nambari na kiasi vinabaki. Sasa orodha imepangika vizuri, jumla ni ile ile, hesabu ya watu ni ile ile, kila nambari ni halali, na karibu kila jina limekaa kando ya simu na pesa za mtu mwingine. Hakuna kikokotoo kitakachokuonyesha hilo. Kitakachokuonyesha ni kulinganisha jina uliloandika na jina ambalo laini imesajiliwa nalo, mstari kwa mstari. Ndiyo kazi ya ule ukurasa unaotokea kabla ya kuidhinisha, ambao wateja wengi huuruka.

Hapo kwenye majina tunajua malalamiko yenu. Daftari la shambani limeandikwa "Mama Kevo". Laini imesajiliwa kwa majina matatu ya kitambulisho, na hakuna hata moja linalofanana na Kevo. Mohamed wa kwenye orodha ni Muhammad wa kwenye laini. Kwenye chama cha ushirika cha maziwa unaweza kukuta wanachama wawili wenye majina yote mawili sawa, wa kijiji kimoja. Na kuna mzee anayelipwa kupitia simu ya binti yake kwa sababu yeye hana simu. Haya yote yana suluhisho, ila suluhisho haliko kwa kompyuta. Andika jina la kitambulisho, na jina la mtaani liwe kwenye safu ya maelezo. Watofautishe wanaofanana majina kwa nambari ya uanachama. Na kwa yule mzee, awepo mwenyewe akubali na atie sahihi kwamba pesa zake ziende kwa laini ya binti. Siku wakikosana nyumbani, karatasi hiyo itakuokoa wewe na yeye.

Kuna wanaotuambia kwamba kampuni kama yetu ndiyo inapaswa kuzuia haya yote. Sehemu yetu tunaifanya: tunakataa umbo baya, tunaonya nambari ikijirudia, tunaonyesha jina lililosajiliwa. Lakini hatujui kwamba Wafula aliibiwa simu mwezi jana na akasajili nambari mpya. Wewe unajua, au msimamizi wake anajua. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye nambari ile inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Kwa hivyo orodha ya mwezi uliopita, hata kama ilipita bila tatizo, si ushahidi wa kitu mwezi huu. Kuinakili na kubadilisha kiasi peke yake ni kucheza bahati nasibu na mishahara ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamtaka anayeweka taarifa za watu ahakikishe ni sahihi na zinasasishwa inapohitajika. Orodha ya malipo ni taarifa za watu, hata kama unaiita faili tu.

Na usifikiri kwamba ukikosea utarudishiwa tu. Ombi la kurejesha muamala linafanikiwa zaidi pesa zikiwa bado zipo kwa aliyezipokea. Siku ya mshahara, pesa zilizoingia kwa mtu asiyezitarajia zinaweza kuwa zimetoka kwa wakala ndani ya dakika kumi. Huku nyuma mfanyakazi wako bado anakudai. Pesa kwenda kwa jirani yake haikulipi deni lako kwake.

Tunachopendekeza ni kazi ya mikono, na tunajua haipendezi. Siku mbili kabla ya kulipa, kila mtu aonyeshwe mstari wake: jina, nambari, kiasi. Mstari wake peke yake. Msibandike orodha nzima ukutani wala kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, maana hapo mshahara wa kila mtu na nambari yake vimekuwa habari ya mtaa. Kwa watu 40, msimamizi mwenye daftari anamaliza kabla ya chai ya saa nne. Kwa watu 800, tuma ujumbe mfupi kwa kila mmoja kwa nambari iliyo kwenye orodha ukimwomba ajibu kwa jina lake kamili. Wasiojibu ndio wa kupigiwa. Mara nyingi wanaokaa kimya ndio wenye nambari zilizopitwa na wakati.

Jumla ya malipo nayo itoke kwa daftari la mahudhurio au la maziwa, isitoke kwa faili lenyewe. Faili likijumlisha makosa yake lenyewe, litakubaliana na lenyewe daima. Na anayeidhinisha awe mtu mwingine kweli. Tunajua kuna ofisi ambazo mwenyekiti amempa karani namba yake ya siri "kwa sababu huwa yuko safarini". Hapo hakuna watu wawili, kuna karani mmoja mwenye funguo mbili.

Jambo la mwisho ni mistari inayokataliwa baada ya faili kupita. Karibu kila orodha ndefu ina kadhaa: laini imefungwa, mtu hajajisajili kwa huduma ya pesa, au salio lake litazidi Ksh 500,000 zinazoruhusiwa. Ukiona watu 12 kati ya 300 hawakupata, usipakie faili lote tena. Wale 288 watalipwa mara mbili, na kuwaomba warudishe ni kazi ya mwezi mzima. Pakua ripoti, toa wale 12, wapigie simu, tengeneza faili jipya lenye jina na tarehe yake, na yule mwidhinishaji wa pili alipitie kama vile hajawahi kuliona. Fanya hivyo asubuhi ya siku ya kazi. Ijumaa saa kumi na moja jioni mwidhinishaji ameshapanda matatu, na msimamizi anayemjua Wafula hashiki simu.